Figo haziumi: Mwenye presha na sukari atembee, na mkojo wake upimwe



Miezi michache iliyopita alikuja katika zahanati ninayofanyia kazi hapa Nyegezi bwana mmoja wa makamo, fundi cherehani. Ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka tisa na presha kwa miaka sita. Alichokuja kulalamikia ni viatu. Alisema vile viatu vyake vya siku zote havimwingii tena ikifika jioni, na akadhani ni kwa sababu ya kukaa sana kwenye cherehani. Nikamuuliza habari ya dawa. Akajibu kwa furaha kabisa, "Daktari, alhamdulillah, mimi vidonge vya presha nimeviacha tangu mwezi wa pili huu. Nimeanza mazoezi. Kila Alfajiri natembea."

Nikampima presha, ikasoma 190 kwa 110. Nikampa kikopo akalete mkojo. Kile kijiti cha kupimia kikabadilika rangi kuonesha protini nyingi, alama tatu za kujumlisha. Nilipomweleza kwamba figo zake zimeanza kuumia, alinitazama kama mtu anayedanganywa. Akaniuliza, "Sasa daktari, mbona kiuno hakiniumi?" Na akaongeza jambo ambalo lilinisikitisha zaidi: katika miaka yote hiyo tisa, na vituo vyote alivyopita, hakumbuki kuambiwa hata siku moja alete mkojo kwa ajili ya kuangalia figo.

Makala ya leo ni jibu la swali lake, na pia ni jibu la lile kosa lake la kuacha vidonge kwa sababu ameanza kutembea. Maana kutembea kwenyewe hakukosea. Alifanya jambo jema kabisa, ila akaliweka mahali pasipo pake.

Tuanze na kiuno. Watu wengi hapa kwetu wakisikia figo hufikiria maumivu ya kiuno au ya ubavuni. Ni kweli mtu mwenye mawe ya figo au maambukizi makali anaweza kuumwa huko. Lakini figo zinazoharibiwa na presha na sukari haziumi. Zinakufa kimyakimya, na mwenyewe anaendelea kula, kulala na kwenda kazini. Dalili kama kuvimba miguu, uso kujaa asubuhi, mkojo wenye povu lisiloisha, kuchoka, kichefuchefu na kuwashwa mwili, nyingi kati ya hizo huja sehemu kubwa ya figo ikiwa imekwisha kuharibika. Kwa hiyo anayesubiri maumivu ndipo apime, atasubiri sana.

Wala usidhani jambo hili ni la watu wachache. Madaktari wa Bugando, hapa hapa Mwanza, walifanya utafiti kwa wagonjwa wazima wa kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki na kurudi nyumbani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliwapima watu 369. Waliokutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo walikuwa 309, yaani karibu 84 katika kila 100. Wengi wao tatizo lilikuwa ni protini kwenye mkojo, hatua ambayo bado mtu anaweza kusaidiwa vizuri. Lakini katika wote hao waliokutwa na tatizo, hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua kwamba figo zake zina ugonjwa, na ni watano tu ambao faili zao zilikuwa na maandishi ya ugonjwa huo. Hao ni wagonjwa wa hospitali kubwa ya rufaa, hivyo usichukue hesabu hiyo ukaipachika kwa kila mwenye sukari wa mtaani kwako. Hata hivyo ukipunguza kwa nusu, bado ni jambo zito.

Nasi tunaoishi mijini tuna la kujiuliza. Utafiti mwingine, wa huko Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2015, ulipita katika nyumba za watu wa kawaida. Ugonjwa sugu wa figo ulikutwa kwa watu wazima wapatao 15 katika kila 100 wa mjini, na 2 tu katika kila 100 wa vijijini. Si miguu peke yake iliyoleta tofauti hiyo, kuna chakula, umri, uzito na mengine mengi. Lakini tuseme ukweli: miaka ishirini nyuma mtu akishuka daladala Nyegezi Kona alikuwa akipanda kwenda nyumbani kwa miguu yake, na mzigo kichwani. Leo bodaboda inamfuata mpaka mlango wa gari, na kwa shilingi mia tano au elfu anafikishwa uani kwake. Mimi mwenyewe nimo katika hilo, sijitoi.

Sasa presha na sukari zinaiharibu vipi figo? Kila mtu ana figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi yake, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa kila dakika moja damu inayopita kwenye figo zote mbili ni zaidi ya lita moja, na kwa siku nzima vichujio hivyo hutoa maji yanayofikia lita 180. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki kama lita moja na nusu au mbili ndio mkojo.

Fikiria wavu wa dagaa, ule wenye matundu madogo, ambao wavuvi wetu huutumia usiku kwa taa. Wavu ule unatakiwa upitishe maji na ubakize dagaa. Kichujio cha figo ni hivyo hivyo: kinapitisha maji na uchafu, na kinabakiza protini ambayo mwili unaihitaji. Presha ikiwa juu ni sawa na kuuvuta wavu kwa nguvu kupita kiasi, kila siku, bila kupumzika. Nyuzi zinakatika, matundu yanakuwa makubwa, na dagaa wanaanza kuchoropoka. Hiyo ndiyo protini tunayoiona kwenye mkojo. Sukari nayo inafanya mambo mawili. Inaupanua mlango wa kuingizia damu kwenye kichujio, kwa hiyo msukumo ndani yake unapanda hata kama presha ya mkononi haijatisha, na tena inazifanya kuta za mishipa midogo kuwa nene na kuota makovu. Mtu mwenye vyote viwili, presha na sukari, wavu wake unavutwa huku unaoza. Na kichujio kilichokwisha kugeuka kovu hakioti tena.

Hapa ndipo mazoezi yanapoingia. Yapo mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, na yapo mazoezi ya pumzi, ambayo wataalamu huyaita erobiki. Ni yale yanayotumia misuli mikubwa ya mwili kwa muda mfululizo mpaka moyo ukaenda kasi na pumzi zikaongezeka: kutembea haraka, kuendesha baiskeli, kukimbia polepole, kuruka kamba. Unapotembea haraka, damu hupita kwa wingi kwenye mishipa, na ngozi ya ndani ya mishipa ile hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huifanya mishipa ilegee na kutanuka. Mishipa ikitanuka, presha inashuka. Mwenye presha ya juu akifanya hivyo kwa wiki kadhaa bila kukatiza, ile namba ya juu hushuka kwa wastani wa 5 hadi 8. Hiyo ni kama kazi ya kidonge kimoja, si haba. Lakini turudi kwa fundi wetu mwenye 190: toa 8, anabaki na 182. Ndiyo maana nikasema mazoezi aliyaweka mahali pasipo pake. Kutembea kunaongeza nguvu ya kidonge. Hakukifukuzi. Atakayekipunguza kidonge ni tabibu wako baada ya kuona vipimo, usikipunguze wewe kwa kujisikia vizuri.

Kwa upande wa sukari, msuli unapofanya kazi hufungua milango ya kuingiza sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ni dhaifu. Faida hiyo haiishii pale unapovua viatu. Huendelea kwa siku moja au mbili, kisha inapotea. Kwa sababu hiyo wenye kisukari tunawashauri wasipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Anayetembea saa tatu Jumapili peke yake halafu akakaa wiki nzima kwenye kiti, faida yake ya sukari imekwisha kufikia Jumanne au Jumatano.

Je, kuna ushahidi kwamba figo zenyewe zinafaidika? Upo, ingawa si wa kupigia ngoma. Huko Marekani watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari na uzito mkubwa walifuatiliwa kwa miaka mingi. Kundi moja lilisimamiwa lipunguze uzito na kufanya mazoezi ya dakika 175 kwa wiki, jingine likapewa mafunzo ya kawaida. Taarifa ya mwaka 2014 ilionesha kuwa hatari ya kufikia ugonjwa mkubwa wa figo ilipungua kwa asilimia 31 katika kundi la kwanza. Humo chakula kilichangia pia. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2022, uliwaangalia wazee wa miaka 70 hadi 89, wasiokuwa na kawaida ya mazoezi. Wale waliotembezwa kwa miaka miwili, uwezo wa figo zao ulishuka taratibu zaidi kuliko wenzao waliofundishwa tu darasani. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwapo, tena kwa watu wa umri ambao sisi tungesema wakae barazani wapumzike.

Kiasi gani basi? Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na limewataja pia wenye presha na kisukari. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha kuanzia hapo. Unaweza kuzigawa: kumi asubuhi, kumi Alasiri, kumi baada ya Isha. Aliyekuwa hafanyi kitu aanze na dakika tano au kumi, aongeze kila wiki. Huhitaji mashine kujua kama mwendo wako unafaa. Ukiwa unatembea na mwenzako, unaweza kuzungumza naye, lakini ukijaribu kuimba kaswida pumzi inakatika. Huo ndio mwendo. Ukiweza kuimba mpaka mwisho, ongeza hatua. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza. Mazoezi makali kupita kiasi hupunguza kwa muda damu inayokwenda kwenye figo, na figo iliyokwisha kuumia haifurahii hilo, hasa juani na kwa kiu.

Wapo wanaoniambia, "Mimi naswali swala tano, nishafanya mazoezi." Ndugu yangu, swala ni ibada, na ina faida zake kwa viungo, lakini rakaa nne za utulivu haziupeleki moyo kasi kwa dakika thelathini, na wala hazikuwekwa kwa ajili hiyo. Kinachoweza kukusaidia ni njia ya kwenda msikitini. Masheikh wetu wametufundisha thawabu za hatua za kwenda msikitini, na kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na kawaida ya kwenda Quba siku ya Jumamosi, mara amepanda na mara kwa miguu. Basi gari ibaki nyumbani, na kama msikiti uko karibu mno, zunguka njia ndefu.

Kwa akina mama, kazi za nyumbani zinahesabika ikiwa zinaongeza pumzi: kuteka maji na kupanda nayo mlima, kulima, kufua kwa mikono. Kupika na kuosha vyombo ni kazi, najua, msinilaumu, lakini si mazoezi ya pumzi. Nimewaona akina mama wanne watano wakiongozana baada ya Alfajiri kwenye barabara ya kwenda Malimbe, wamejistiri vizuri, wanatembea kwa kasi ambayo mimi nilipata taabu kuifuata. Asiyeweza kutoka anaweza kuruka kamba uani au kupanda na kushuka ngazi. Kijana mmoja aliniuliza kuhusu kuogelea ziwani. Kuogelea ni mazoezi mazuri sana, lakini kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho, kwa hiyo kwa maji yetu haya siwezi kukushauri.

Sasa tahadhari, na hizi naomba zisomwe kwa sauti nyumbani kwa faida ya wazee.

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, usianze mazoezi kwanza, nenda utibiwe ishuke. Vilevile ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana isivyo kawaida, simama na uende kituoni. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wanaweza kushukiwa na sukari njiani. Ukiwa na kipimo na kikasoma chini ya 5, kula kitu kabla ya kutoka. Wasio na kipimo watembee baada ya kula. Weka mfukoni sukari ya vijiko vitatu vya chai kwenye karatasi, na ukitetemeka, ukatoka jasho la ghafla au ukahisi kuchanganyikiwa, ilambe hapo hapo, ukae.

Miguu. Kisukari huleta ganzi, na mtu anaweza kutembea na kokoto ndani ya kiatu mpaka kidonda kitokee bila kuhisi. Malapa si viatu vya mazoezi. Vaa viatu vya kufunika vyenye soksi, na uvikung'ute kwanza. Sisi tuna nafasi ambayo wengine hawana: mara tano kwa siku tunaosha miguu kwa ajili ya udhu. Usiioshe huku unaangalia pembeni. Itazame nyayo, pitisha kidole katikati ya vidole, kisha ukaushe vizuri kabla ya kuvaa soksi.

Jambo ambalo nimeliona likiwaharibu watu wengi ni hili. Mtu anaanza mazoezi, wiki ya kwanza magoti yanauma, anakwenda duka la dawa anauziwa diklofenaki au ibuprofeni, anakunywa kila siku ili aendelee kutembea. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mwenye presha na sukari, ambaye tayari wavu wake umechakaa, ni hatari, na zinapandisha presha pia. Ndio kule kutafuta afya ya figo kwa mguu na kuiua kwa mkono. Magoti yakiuma punguza mwendo, pumzika siku moja, na ikibidi tumia parasetamoli kwa kipimo chake, huku ukimwona tabibu. Dawa za miti zisizojulikana kipimo chake nazo ziogope vivyo hivyo. Na ukirudi kwenye matembezi usilipe fidia kwa kayabo: mwisho wa chumvi kwa mtu mzima ni kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki wa chumvi na mkate.

Mwezi wa Ramadhani mwenye kisukari aliyeruhusiwa kufunga asitoke kwenda kutembea haraka saa za jioni kabla ya futari, maana ndipo sukari na maji viko chini. Atembee baada ya futari. Miongozo ya wataalamu wa kisukari inaihesabu hata Tarawehe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku. Ama mwenye ugonjwa mkubwa wa figo au anayesafishwa damu kwa mashine, huyo yumo katika wale ambao madaktari wanawashauri wasifunge. Azungumze na daktari wake, kisha na sheikh wake.

Kuhusu vipimo: mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa apimwe protini kwenye mkojo tangu siku anayogundulika, kisha angalau mara moja kila mwaka, pamoja na kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini ambacho ndicho kinachokokotoa uwezo wa figo. Mwenye presha naye vivyo hivyo. Usiponyamaza utapimwa, kwa hiyo sema: "Naomba nipimwe mkojo na kreatinini kwa ajili ya figo." Siku moja kabla usifanye mazoezi makali, kwa sababu yanaweza kutoa protini ya muda kwenye mkojo ukatishika bure. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo na hedhi navyo vinaharibu majibu. Ikionekana protini, kipimo hurudiwa ndani ya miezi mitatu kabla ya kuitwa ugonjwa sugu. Zipo dawa za presha ambazo zinapunguza msukumo ndani ya kichujio chenyewe, na protini ikigundulika mapema ndipo zinapofaa zaidi. Ikichelewa, kinachobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na saa nne kila mara, au kupandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2017. Familia zilizopitia huko zinajua gharama yake.

Fundi wetu nilimrudishia vidonge vya presha siku ile ile na kumwandikia rufaa. Kreatinini yake ilionesha kuwa figo zimebakiwa na kama nusu ya uwezo wake. Si habari njema, lakini bado hajafika kwenye mashine. Nilimwambia asiache kutembea. Wiki iliyopita amerudi, presha 142 kwa 86, protini kwenye mkojo imeshuka kutoka alama tatu hadi mbili. Safari hii alikuja na mkewe, ambaye sasa wanatembea pamoja kila asubuhi. Mama yule ana presha kwa miaka minne. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa mkojo kwa ajili ya figo. Akasema hapana, mbona kiuno hakimuumi. Mumewe akacheka, akanyoosha mkono mezani kwangu, akachukua kikopo akampa.